Paja la Baba

Kama mzazi wako ametoka kupasuliwa moyo, na umeambiwa mguuni katobolewa kidogo tu, haya nimekuandikia wewe. Mimi ni binti wa kidato cha tatu, nasoma hapa Karatu. Siongei sana. Darasani nikiulizwa swali najibu nikiangalia dawati. Kwa hiyo kuandika neno lililoko hapo juu, halafu kuliweka karibu na baba yangu mzazi, kumenichukua muda. Watu wa kwetu wakilisoma watainamisha macho. Lakini baba anatembea sasa, siku mbaya zimepita, na nimeona bora nione aibu mimi kuliko wewe uchelewe.

Kwetu ni Endulen, ndani ya hifadhi. Baba alikuwa dereva wa watalii, ndiyo maana tulipanga Karatu mjini, chumba na sebule, yeye chumbani na mimi sebuleni, ili nisome. Mama alibaki Endulen na ng'ombe na wadogo zangu. Mwaka huo alikuwa amejifungua mtoto wetu wa mwisho.

Kwa wasiotujua sisi Wamaasai, nieleze jambo moja. Binti akishakua, yeye na baba yake wanakaa mbali. Si chuki. Ni enkanyit, heshima. Hatuketi kitanda kimoja, hatutaniani, akiongea simtazami usoni. Nikimsalimia nainamisha kichwa, anaweka kiganja chake juu, yameisha. Na si yeye peke yake. Kila mwanaume wa rika lake ni baba yangu, na heshima ni ileile.

Ugonjwa ulianza kiangazi, ngano zinavunwa Mbulumbulu na vumbi limejaa mjini. Baba alikuwa anapandisha gari kutoka kreta, wageni wako nyuma, kifua kikambana. Akasimama pembeni, akawaambia gari limechemka. Gari lilikuwa zima. Alikaa na jasho lake mpaka maumivu yakatulia, akawafikisha hotelini, akaja nyumbani akalala na viatu.

Mvua za vuli zilitukuta kwenye mabenchi. Benchi la Karatu, kisha benchi la Arusha, kisha tena la Karatu kusubiri barua ya rufaa. Wagonjwa wa moyo hawana plasta wala magongo. Wanakaa wameshika bahasha kubwa za picha kama watu wanaoomba kazi. Kuna mama mmoja alikuwa ananigawia karanga kila tukikutana, na mpaka leo sijui jina lake. Baba alikaa benchi la mbele, mimi la nyuma kabisa. Jina lake likiitwa, nesi anauliza, "Ndugu wa mgonjwa yuko wapi?" Nanyoosha mkono kule nyuma, ukumbi mzima unageuka.

"Mbona umekaa mbali hivyo na mzee wako? Mmegombana?"

Watu walicheka. Nami nikacheka, masikio yanawaka.

Mwishoni wakasema mishipa ya moyo imeziba, aende Dar es Salaam. Watachukua mshipa mguuni wakauunge kwenye moyo, damu ipate njia nyingine. Baba alisindikizwa na Baba Lemayan, rafiki yake, rika moja.

Walirudi masika imeshaanza. Baba alishuka kwenye gari amekumbatia shuka lililokunjwa, maana akikohoa bila kujibana kifua aliona kama kinafunguka. Alikuwa amepungua sana. Masikio yake yalionekana makubwa, kitu ambacho sikuwahi kukiona, labda kwa sababu sikuwahi kumtazama. Niliinamisha kichwa. Mkono wake haukufika, alikatazwa kuunyanyua. Baba Lemayan akaniwekea wake kwa niaba ya wote wawili.

Jioni, Baba Lemayan alikuja jikoni kunipa maelekezo. Alisimama nje ya mlango, amenipa ubavu.

"Dawa utazisoma mwenyewe, wewe ni mtu wa shule. Kifua, asinyanyue kitu. Hata ndoo. Na mguu..."

Akawa anachokoa matope kwa fimbo.

"Mguu ni kitundu tu, hapo kwenye goti. Siku hizi hawachani. Wanaingiza mrija wenye kamera, wanauvuta mshipa kwa ndani kwa ndani. Nesi wa hapa atabadilisha bandeji. Basi."

"Ndiyo, baba."

"Haya."

Akaondoka haraka kuliko kawaida yake. Nilidhani maelezo yameisha. Kumbe Dar walimwambia zaidi ya hapo. Walimwambia mtu wa nyumbani awe anashika paja lote kila siku, kuanzia goti kwenda juu mpaka karibu na kinena, kuona kama ni gumu au la moto. Mshipa ulitoka huko, na pale ulipokuwa pamebaki uwazi ndani ya nyama, damu inaweza kujaa humo huku kitundu cha nje kikionekana kizima. Lakini paja la rika mwenzake angelitajaje mbele ya binti? Alilipita.

Baba alipewa pia soksi nyeupe ya kubana, inayopanda mpaka juu. Aliivua kabla hawajafika Arusha. Niliikuta chini ya begi nikaifua nikaianika. Mwenye nyumba wetu, Mama Tluway, ni Mwiraqw wa Mbulumbulu, na sauti yake inafika shambani kabla yake.

"Nasieku! Soksi ya bibi harusi hiyo, unamtega nani?"

"Ni yangu, mama. Ya michezo."

"Michezo! Mguu mmoja? Huo mwingine umeupoteza kwenye mchezo gani?"

Alicheka mpaka kuku wakakimbia. Dirisha la baba lilikuwa wazi, najua alisikia. Niliianua ikiwa bado mbichi nikaikunja, nikairudisha begini. Sikuweza kufungua mdomo nikasema, baba, vaa soksi. Jaribu wewe kumwambia baba yako hivyo, kama baba yako ni kama wangu.

Nesi wa zahanati alikuwa dada mdogo tu, mpole. Baba alipandisha shuka mpaka magotini, akalishikilia pale kwa mikono miwili.

"Baba, nipandishie kidogo nione na huku juu."

"Walitoboa hapa."

"Najua baba, ila mshipa wenyewe..."

"Hapa."

Nesi akanitazama. Mimi nikatazama bango la chanjo ukutani. Kitundu kilikuwa kizuri, kikavu, ukubwa wa kifungo cha shati. Nesi akasema, "Hongera mzee, kinapona." Tulirudi nyumbani na hongera hiyo na sote tukaifurahia.

Baada ya hapo baba akaanza kula kidogo. Akawa anakaa mguu ameunyoosha juu ya stuli. Nikipita anavuta shuka. Nilijiambia ni baridi, maana masika ya Karatu ina ukungu unaoingia mpaka ndani ya nyumba. Huwa naandika mambo yangu kila siku, lakini siku hizo niliandika habari za shule tu. Hata kwenye karatasi yangu mwenyewe, ambayo hakuna anayeisoma, sikuthubutu kuandika kwamba shuka la baba linanuka.

Asubuhi moja hakuamka kunywa chai. Niliita kutoka mlangoni, akaitika kama mtu aliye mbali. Meno yalikuwa yanagongana. Nilimpigia Baba Lemayan, hapatikani, alikuwa Loliondo mnadani. Nikampigia mama. Simu ya mama inashika akipanda kilimani kukinga mtandao, na Mungu alikuwa amempandisha asubuhi hiyo.

"Ana homa, yeyo." Yeyo ni mama. "Anatetemeka."

"Mguu umeuona?"

"Goti nimeliona."

"Juu ya goti?"

Nilisikia mtoto analia mgongoni kwake, na upepo.

"Yeyo, ni baba."

"Najua ni baba, mimi ndiye niliyeolewa naye. Ningekuja sasa hivi, lakini gari la jana limekwama kwenye matope na watu wamelala barabarani. Mpelekee simu."

Nikaipeleka, nikaiweka kwenye mto karibu na sikio lake, nikatoka nje kusimama kwenye mvua. Sikutaka kusikia. Nilisikia tu mama anapaza sauti kwenye simu, na baba anasema "hapana", tena "hapana". Kisha akaniita, si kwa jina.

"Entito!" Yaani binti.

Nilipoingia nilimkuta amejifunika shuka uso mzima, kichwa chote, kama maiti. Mguu mmoja ulikuwa nje. Alijifunika ili asinione nikimwona.

"Tazama haraka," alisema kutoka humo ndani.

Nilitazama. Kitundu cha goti kilikuwa kimefunga vizuri tu, kama nesi alivyosema. Juu yake paja lilikuwa limevimba, linang'aa, jeusi kwa chini na jekundu kwa juu, na weusi ule ulipanda kwa ndani mpaka mahali nilipoacha kutazama. Nikaweka kiganja. Lilikuwa gumu kama ubao na la moto kama sufuria. Karibu na juu kulikuwa na mahali pamelainika, panatoa maji.

"Baba, pamevimba."

"Najua."

"Tangu lini?"

Shuka lilipanda na kushuka juu ya mdomo wake.

"Funika."

Mama Tluway ndiye aliyepata gari. Safari hii hakutania. Alimshika baba kwapani upande mmoja kama anavyoshika gunia, akamwambia, "Twende shemeji, aibu utaikuta hapa hapa ukirudi." Baba alimwegemea.

Hospitali benchi lilikuwa limejaa. Daktari kijana akaja na maswali pale pale, watu wanasikiliza, wengine wameacha kuongea ili wasikie vizuri.

"Uvimbe umefika wapi?"

"Juu."

"Juu wapi? Nionyeshe."

Baba alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, macho ameyafumba. Sikuweza kuonyesha kwake. Nikaonyesha kwangu, juu ya sketi ya shule, kiganja changu kikapanda kutoka gotini mpaka kilipofika. Wavulana wawili wa kidato cha nne walikuwa wamekaa pale na mwenzao mwenye mkono uliovunjika. Walinijua. Mmoja akaangalia chini. Mwingine hakuangalia chini. Niliendelea kuuweka mkono wangu pale mpaka daktari aliposema sawa, nimeona.

Walimpasua siku hiyohiyo, wakatoa damu iliyooza na usaha. Daktari aliniambia homa ingeachwa iendelee, sumu ingefika kwenye moyo ambao bado una nyuzi mbichi.

Kwa hiyo baba aliyetoka Dar na kitundu cha kifungo akarudishwa nyumbani na kidonda kirefu cha wazi pajani, kwa sababu kilipaswa kujaa chenyewe kutoka ndani. Kila siku kisafishwe, kijazwe gozi, kile kitambaa laini cha hospitali, kifungwe. Barabara ya mtaani kwetu Karatu ilikuwa tope, hakuweza kupanda bodaboda kwenda zahanati kila siku, na mama alikuwa bado hajapata gari wala mtu wa kumwachia ng'ombe. Siku ya kuruhusiwa, nesi wa wodi, mama mtu mzima, akauliza nani atakisafisha nyumbani.

Baba aligeukia ukutani.

"Ni mimi," nikasema.

"Mbona unasema kama umeiba? Mwanangu, kuna mwingine?"

"Hakuna."

Alitutazama wote wawili. Kisha akaenda akarudi na shuka la zamani la wodi na mkasi. Akalikunja katikati, akakata tundu la mraba, akalitandaza juu ya baba kuanzia kiunoni mpaka miguuni. Tundu likakaa juu ya kidonda, sawasawa.

"Hata sisi theatre tunafunika mtu mzima, tunaacha dirisha tu," alisema. "Humuoni baba yako hapo. Unaona kazi."

Ilikuwa kweli. Paja lilipotea, baba akapotea, kikabaki kidonda kwenye dirisha. Nikachukua gozi nikaanza. Kama na kwenu mambo ni haya, omba shuka kuukuu ukate. Lichemshe na ulianike juani. Hakuna aliyeniambia mapema kwamba kuna njia ya kutazama bila kukosa adabu.

Nyumbani tulifanya hivyo kila asubuhi kabla sijaenda shule. Nilitandaza shuka lenye dirisha nikiwa nimegeuka, yeye akiliweka sawa mwenyewe, akisema "tayari" ndipo nageuka. Uso wake alikuwa bado anaufunika na shuka lake jekundu. Siku za kwanza alikuwa anauma shuka kwa maumivu, naona limeingia mdomoni. Nilitapika mara moja, nje, nyuma ya choo. Nilinuka dawa ya kidonda darasani. Yule mvulana ambaye hakuangalia chini alinipa jina la Dokta Paja, likafika mpaka darasani kwetu, wakalipenda. Nilipewa daftari zangu na watu walioshika pua. Mwalimu aliniuliza kwa nini nachelewa nikasema nachota maji.

Halafu, baridi ya katikati ya mwaka ilipoanza, baba akaanza kuongea.

Aliongea akiwa ndani ya shuka. Nadhani kwa sababu hakuona mtu. Kwanza alikuwa anahesabu tu majina ya ng'ombe wake ili asisikie maumivu. Kisha akanisimulia ng'ombe mmoja, kisha akasimulia alipokuwa mtoto akichunga, alivyolala ndani ya pango na ndama wawili akiogopa fisi. Sikujua kama baba aliwahi kuogopa fisi. Akasimulia Dar. Gauni la hospitali lisilofungwa nyuma, alivyopelekwa kwenye korido akilishika kwa mkono. Wembe aliopitishiwa mwili mzima. Akasema, "Nililia, entito. Usiku kabla ya kupasuliwa. Baba Lemayan alijifanya amelala."

Nilikuwa nimeshika koleo na gozi. Nikasema, "Kinajaa vizuri, baba. Leo kina rangi ya pinki."

"Ni nzuri hiyo?"

"Ni nzuri."

Baba Lemayan alikuja kumwona kipindi hicho. Alipotoka chumbani alisimama tena kwenye mlango wa jikoni, ubavu kwangu kama ile mara ya kwanza.

"Dar walisema mpaka huku juu," alisema, na fimbo yake ikaonyesha juu kidogo kwenye shuka lake mwenyewe. "Mdomo ulinishinda."

Nilimwonea aibu. Mtu mzima kama yule, kunieleza mimi. Niliinamisha kichwa upesi ili apate cha kufanya na mkono wake.

Sasa nifike sehemu ambayo naona aibu nayo kuliko hata ya benchi la hospitali. Kidonda kilipungua. Gozi iliyokuwa inaingia nyingi ikawa inaingia kidogo, kisha ncha tu. Na mimi, kila asubuhi nikipima kwa jicho, furaha yangu ilikuwa inapungua nacho. Nilijua kikifunga baba atanyamaza. Siku moja nilijikuta nasafisha taratibu sana, mahali palipokuwa safi tayari, kwa sababu alikuwa katikati ya hadithi ya babu yangu na simba. Baba yangu alikuwa na maumivu na mimi nilitaka asimulie mpaka mwisho. Nimeliandika hili kwa sababu kama unauguza, na siku moja ukajikuta huombei sana mgonjwa wako apone haraka, ujue si wewe peke yako. Usimwambie mtu. Safisha vizuri, funga.

Kilifunga wakati mashine za kuvuna ngano zimeanza kupita kwenda Mbulumbulu. Mama alishafika na mtoto. Asubuhi ile nilileta beseni kama kawaida, nikamkuta baba amekaa, uso wazi, amevaa suruali.

"Imetosha," alisema, akiangalia dirisha.

Nikatoka na beseni.

Tangu hapo amerudi alivyokuwa. Chai anapelekewa na mama. Nikiingia anakatisha maneno. Hatujazungumza tena habari za fisi wala Dar, na hadithi ya simba sijui ilivyoisha. Mama anafurahi, anasema nyumba imekaa sawa, na ni kweli imekaa sawa. Mimi pia siwezi tena kumtazama. Nikikumbuka ninayoyajua juu yake natamani kujificha.

Juzi nilikuwa nachambua maharage uani na mama. Baba akatokea mlangoni na fimbo yake, akasimama akitazama barabarani. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake.

"Muulize binti yako," alimwambia mama, "kidonda kikishapona, huwa kinawasha?"

Mama akanigeukia, uso mkavu kabisa, kana kwamba sikusikia. "Baba yako anauliza, kidonda kikishapona huwa kinawasha?"

"Mwambie ndiyo, kinawasha," nilimwambia mama, macho kwenye maharage. "Ni kawaida. Asikikune. Apake mafuta kidogo, apapase tu na kiganja."

Mama akafungua mdomo ili amfikishie.

"Nimesikia," alisema baba.